Nyongeza

Waheshimiwa wa Kamati ya Udahili,
mimi ni Signe Haugdahl, nambari ya maombi mnayo,
wa Duluth, ambako ziwa limeganda hadi kwenye mnara wa taa
na meli za madini zimefungwa mpaka Machi.
Naandika kuwaarifu yaliyotokea tangu Agosti.

Nikafuta hiyo.
Yaliyotokea tangu Agosti hayaenei ukurasa mmoja,
na kanuni ni ukurasa mmoja:
jambo jipya tu, lenye tarakimu ikiwezekana,
bila kulia, bila kubembeleza,
bila neno "ndoto".

Basi.
Biokemia, alama A.
Saa za kutoa damu wodini, mia tatu na kumi na mbili.
Jina langu la tano kati ya majina saba
kwenye makala ya kurasa nne kuhusu figo za panya.
Nayaongeza hayo kama muuza maharage
atiaye konzi moja juu ya kipimo,
mnunuzi hata kikapu hajakifungua.

Bwana Orville Skaar hayumo.
Chumba 614. Miaka thelathini na minane mpishi melini,
mishipa yake ikijificha kila nijapo na sindano.
"Usiufukuze, binti," alisema. "Kaa. Utarudi wenyewe."
Nikakaa. Saa kumi alfajiri,
mkono wake ndani ya taulo la maji moto,
akanieleza namna ya kukaanga mayai sitini katika dhoruba
pasipo kupasua kiini hata kimoja.
Mshipa ukarudi.
Tarehe tisa Novemba nikakuta kitanda kimetandikwa,
shuka bado lina mistari ya kukunjwa,
nami nimesimama na mirija minne yenye jina lake.
Hiyo niiandike kwa tarakimu gani?

Mama, anayeendesha gari la kuzoa theluji,
alisoma rasimu ya saba na buti zake miguuni,
zikivuja juu ya zulia.
"Inasomeka kama risiti," akasema.
Nikamtia Bwana Skaar. Ikasomeka kama tanzia.
Nikamtoa. Nikamrudisha bila jina.
Nikamtoa.

Vyuo tisa.
Viwili havipokei nyongeza, tafadhali usitume.
Kimoja chapokea, ila herufi elfu mbili, nafasi zikihesabiwa:
hata pumzi nivutayo kati ya neno na neno ina bei.
Kimoja kilishanikataa Oktoba; nikakiandikia kwa kusahau,
kikanijibu kwa upole
uliochoma kuliko kule kukataliwa.
Vingine kimya.
Waliosema subira huvuta heri
hawakutaja urefu wa kamba.

Usiku wa kuamkia Jumanne nikatuma, mara sita,
kila mara nikibadili jina la chuo,
kisha nikirudi kuhakikisha kweli nimelibadili,
maana Pao Lor wa maabara alikiri
kwamba mwaka juzi aliwaeleza watu wa Iowa
jinsi moyo wake ulivyo Wisconsin.

Mwishoni, chini ya figo za panya,
nilibakiza sentensi moja ambayo Mama hakuiona:
*Nimejifunza pia kuupasha mkono joto, na kungoja.*
Hawatajua ni mkono wa nani.
Huenda wakadhani nimekosea kuchapa.

Simu ilitikisika mfukoni saa kumi na moja,
nikiwa na glavu.
Chumba 609, bibi mgeni, macho ukutani,
ngumi ameikunja mapema mno.
"Ifungue kwanza," nikamwambia. "Hatuna haraka."
Uongo. Nilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja kabla ya jua.
Nikavuta kiti.